Shukrani kwa mzee wa Hombolo

Shikamoo mzee wangu. Uliniomba nisilitaje jina lako, nami nimetii, ila shukrani zangu lazima zikufikie.

Zabibu za Dodoma nilizijua zile za kununua barabarani tu. Wewe ukanipitisha katikati ya mizabibu, ukanieleza kwa nini huko mnavuna mara mbili kwa mwaka: hakuna baridi kali ya kuulaza mti, basi mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Ukishapogoa, macho yanachipua na maua yanakuja na machipukizi hayo hayo. Wataalamu wangapi wangelieleza hilo bila kunichosha!

Ukanionyesha aina mbili za zabibu, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, nikaonja zote mbili shambani (ile nyeupe ndiyo iliyoniteka, usinicheke). Na sasa naelewa kwa nini wakulima wanakamua mchuzi wa zabibu, yaani maji ya tunda lenyewe, na kuuhifadhi kwenye matangi: tunda likishavunwa halimsubiri mnunuzi.

Mama naye mpe asante kwa maji na kivuli. Msimu ujao nikipita nakuja na mkasi wangu, unifundishe kupogoa.