Jengo la vita sasa ni makazi. Wapagazi wetu je?

Mhariri,

Mimi ni Mtanzania, naendesha basi hapa London, na zamu yangu hunipitisha Whitehall mara nne kwa siku. Taa zikiwa nyekundu nalitazama jengo la iliyokuwa Wizara ya Vita ya Uingereza. Lilikamilika 1906, lina vyumba kama 1,100, na korido zake ukizinyoosha zinapita kilomita 3. Serikali ilikabidhi kwa wenye fedha mkataba wa miaka 250, na tangu 2023 ni hoteli pamoja na nyumba 85 za kuishi. Bei ni mamilioni ya pauni. Mimi nitaishia kwenye taa nyekundu.

Sipingi. Jengo linaloishi watu lina mwenyewe wa kuziba paa likivuja. Beit al-Ajaib ya Unguja tuliichelewesha, ikaporomoka Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na wawili wakafa.

Linalonisumbua ni historia inayotumika kuzinadi nyumba hizi. Utasikia Churchill alikuwa na ofisi humo. Hata baa ya chini imepewa jina la majasusi. Sawa. Lakini Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochapwa na Wajerumani Tanga, vita vya Afrika Mashariki vilikabidhiwa wizara hiyohiyo. Waliovibeba vita hivyo, nasema kubeba hasa, unga na risasi kichwani, ni wapagazi. Wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi.

Bibi yangu alikuwa akisema, "Babu yangu alichukuliwa kariakoo, hakurudi." Utotoni nilidhani mzee alipotelea sokoni! Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na kwamba soko letu la Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kambi zao.

Balozi za Tanzania na Kenya zote ziko London. Naziomba ziandike barua ya pamoja kwa wenye jengo, kibao cha wapagazi kiwekwe nje, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza chini yake. Cha shaba, ukubwa wa sinia ya pilau, kinatosha. Kikae upande wa barabarani, usawa wa dirisha la basi.

Dereva,
London