Barua ya wazi kwa vijana wenye vibanda vya gemu: benchi lisiondolewe

Wanangu,

Wiki iliyopita nilipita kwenye kibanda kimoja hapa Ngamiani, Tanga, nikakuta mlangoni tangazo lililoandikwa kwa mkono: asiyecheza asikae ndani. Nimeshavuka miaka 45, umri ambao vibandani kwenu ni wa mzee, na kwa haki hiyo naomba niseme neno juu ya tangazo lile.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 12. Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, kwani ITV ilianza mwaka 1994, hivyo runinga mtaani kwetu ilikuwa hasa ya kanda za video, na jioni ya gemu. Mashine ilikuwa nakala ya bei nafuu ya Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti zake zilijinadi kuwa na mamia ya gemu, nasi tulipohesabu tukakuta ni zilezile chache zilizobadilishwa majina. Padi, vile vidude vya mkononi vya kuchezea, zilikuwa mbili. Sisi tulikuwa kumi na watano, na wenye sarafu hawakuzidi wanne.

Mimi nilikuwa wa benchi, wa kukaa na kutazama tu. Hatukuwa na kitabu cha maelekezo. Ile siri ya vitufe, juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A iliyompa mchezaji wa gemu ya vita ya Contra roho 30 ilitufikia kwa mdomo, ikitoka kwa mpwa wa jirani aliyekuja likizo kutoka Mombasa, na sisi wa benchi tuliikariri kabla ya walioshika padi, kwa kuwa macho yetu hayakuwa na kazi nyingine. (Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni iliyotengeneza gemu hiyo, aliibuni kwanza kwa ajili ya gemu nyingine, Gradius, mwaka 1986, kwa sababu gemu aliyokuwa akiitengeneza ilimshinda mwenyewe. Nilicheka peke yangu.)

Katika Contra hiyohiyo, aliyeishiwa roho aliweza kujichukulia ya mwenzake kwa kubonyeza kitufe, bila kuomba, na ugomvi uliofuata uliamuliwa na benchi. Umeme ulipokatika, kila kitu kilifutika, maana kaseti zile hazikuhifadhi chochote. Benchi ndilo lililotoa ushahidi kwamba fulani alikuwa amefika hatua ya tano, naye mwenye kibanda akamrudishia muda wake.

Najua hoja zenu: kodi ya chumba, umeme wa luku, joto, na anayetazama halipi. Watoto wenye sare saa za masomo warudisheni shule bila mjadala. Lakini huyu anayekuja jioni mikono mitupu, akaegemea ukuta na kunyamaza, ndiye atakayekuja na hela siku atakapoipata, na atakuja akiwa anajua kucheza. Mwekeeni ubao wa kukalia. Ikiwezekana, fanyeni kama alivyofanya mwenye kibanda wetu, ambaye dakika tano za mwisho kabla ya kufunga aliwagawia wa benchi kwa zamu.

Ndivyo nilivyoshika padi mara ya kwanza. Nilikufa mikononi mwa kiumbe wa kwanza kabisa wa Super Mario Bros., yuleyule ambaye kwa miezi nilikuwa nikiwapigia wenzangu kelele wamruke, na benchi zima likanizomea hadi nje.

Wenu,
Mzee wa benchi, Ngamiani