Wakili akiwa katibu wa chama, mteja wake ni nani?

Mhariri,

Siku hizi chama kikubwa cha siasa hapa Kenya kikitafuta katibu mkuu, hupiga hodi kwanza kwa mawakili. Edwin Sifuna alitoka kwenye uwakili akakabidhiwa ukatibu mkuu wa chama cha ODM mwaka 2018. Chama cha UDA kilikuwa na Veronica Maina, wakili pia, na Agosti 2024 kiti hicho kikamwendea Hassan Omar, Mpwani mwenzetu aliyewahi kuwa seneta wa Mombasa na katibu mkuu wa chama cha Wiper. Hapa kwetu Kilifi, Amason Kingi, wakili aliyekuwa gavana wetu wa kwanza, alikwenda mbali zaidi akaasisi chama chake, PAA.

Sina kinyongo nao. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47, pamoja na ofisi za matawi. Asiyejua sheria atazama mapema.

Kinachonikera ni kingine. Aliyewahi kufuatilia kesi ya shamba katika mahakama ya Malindi (na nani hapa hana jamaa mwenye kesi ya shamba?) anajua wakili anavyofanya kazi. Upande wa pili ukileta maelewano, wakili huomba dakika chache, akatoka hadi barazani kumnong'oneza mzee aliyekumbatia bahasha yake ya kaki. Mzee akitikisa kichwa, hakuna kutia saini. Hata awe hajui kusoma, neno la mwisho ni lake.

Mtu huyohuyo akihamia makao makuu ya chama, neno la mwisho linakuwa la kinara wa chama. Mwanachama wa kawaida wa Ganda au Gongoni, ambaye ndiye mteja wake hasa, hukumbukwa kura za mchujo zikikaribia. Na mchujo wenyewe tunaujua: mgombea udiwani anashinda kituoni, kisha anasikia cheti cha uteuzi kimepewa mwingine. Akitaka kulalamika, sheria inamtaka aanzie kwenye kamati ya chama hichohicho kilichomdhulumu, ndipo aende kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama. Akizungushwa kwenye kamati siku chache tu, muda umekwisha. Utaratibu huo wa ndani huandikwa na wanasheria, wanaojua vyema kwamba haki ya kusikilizwa haina maana kama tarehe imepita.

Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua majina yao yamo katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Wakili akiletewa hati ya kuuza shamba yenye saini ya mtu asiyejua lolote, angekimbilia polisi. Kwenye orodha ya chama, kimya.

Wapo mawakili vijana wa Pwani wanaonyatia vyeo vya chama kuelekea uchaguzi mkuu wa 2027. Wakivipata, wabandike orodha ya wanachama kwenye mlango wa tawi ili kila mtu ajikague. Kamati ya malalamiko ije ikae hapa Malindi, mlalamishi asilazimike kukesha ndani ya basi la Nairobi. Na uamuzi utolewe kwa maandishi, pamoja na sababu zake, kabla ya majina ya wagombea kupelekwa kwa tume ya uchaguzi.

Mkazi wa Shela, Malindi