Risala ya kikundi chetu kwa mgeni rasmi, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika

Ndugu mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mtendaji wetu wa kata, mwenyekiti wa kijiji, nesi wetu wa zahanati, walimu, wazee wetu wa Kitongwe na Kiha, na nyie ndugu zetu Wabembe mliovuka ziwa zamani mkawa wa hapahapa, na nyie watoto mlioko juu ya mwembe tunawaona shukeni, itifaki imezingatiwa.

Shikamooni wazee. Mgeni rasmi karibu sana, tunajua kutoka Kigoma mjini mpaka huku mwambao wa Uvinza sio safari ya mchezo, na upepo wa ziwa haumjui mheshimiwa wala mvuvi. Risala ilikuwa aisome katibu ila amekwenda msibani, kwahiyo nikikwama mnivumilie.

Sisi tuko ishirini na kitu, wengi ni kina mama wa mawese na dagaa, kuna wakunga wa jadi na tulikuwa na wazee wawili wanaojua miti ya dawa. Hatukuanza kwa mpango, tulianza kwa hofu. Machi 16 mwaka 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona kule Arusha, kesho yake shule zikafungwa, watoto wakarudi nyumbani, na sisi huku kabla hajafika mtaalamu yeyote zilishafika klipu za watsap. Kila mwenye simu akawa daktari. Ndimu, tangawizi na vitunguu saumu vikapanda bei mpaka mtu unaona aibu kuomba kwa jirani.

Sasa hapa tuseme ukweli, maana ukiuliza barabarani utaambiwa huku tulipona kwa nyungu, ule mvuke wa majani ya kuchemsha. Nyungu tulipiga kweli, mkaratusi, majani ya mlimao, mpera, mchaichai, unajifunika blanketi mpaka jasho linachuruzika, pua inafunguka na usiku unalala, hilo hatulikani. Lakini mwenzetu mmoja sufuria lilimpindukia humohumo ndani ya blanketi akaungua paja lote, na mjukuu wake alikuwa pembeni yake, ni Mungu tu mtoto hakuguswa. Siku ile mzee wetu mmoja akasimama akasema mvuke unafungua pua, hauui ugonjwa, na kuanzia leo mtoto haingii kwenye nyungu. Wapo waliomnunia wiki nzima kwa maneno hayo.

Mzee yuleyule ndio akatuambia elimu ya wazee sisi tumeshika mkia tukadhani ndio ng'ombe, tunadhani ni majani tu. Akasimulia alivyosikia kwa baba yake enzi za ndui, kwamba nyumba yenye mgonjwa haingii mtu ila aliyewahi kuugua akapona, yule mwenye makovu usoni, huyo ndio anapeleka maji na ugali, wengine chakula wanaacha njiani wanarudi. Mwalimu wetu wa sayansi akadakia, akasema hata Waacholi wa Uganda wana utaratibu wao wa siku nyingi, ugonjwa wa mlipuko wanauita gemo, na Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000 wazee waliurudisha: mgonjwa nyumba yake mbali, anahudumiwa na aliyepona, njiani wanasimamisha miti ya matete kuonyesha hapa usipite, ngoma zinasimama, na hata mgonjwa akipata nafuu anakaa kwanza mwezi mzima ndio achanganyike na watu. Ukisikiliza vizuri ni yaleyale ya nesi, ila hayakuletwa na bango.

Basi tukafanya ya kwetu. Nyumba ikiwa na mtu anakohoa tunafunga kuti la mchikichi mlangoni, na hakuna anayecheka. Kule mwaloni, wanakoshusha samaki, wavuvi wanaotoka mbali walilala siku kadhaa kambini kwao kabla ya kupanda kijijini, wake zao walilalamika sana, wengine nadhani walifurahi. Salamu tukarudi kwenye kupiga makofi kwa mbali na kuinama kidogo kama wazee wanavyosalimiana, mkono tukaacha. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kila choo. Barakoa ndio haikutusumbua kabisa, maana sisi watu wa jirani na hifadhi ya Mahale tulishaziona zamani, watalii wakipanda kuona sokwe lazima wavae na wasimame mita 10, tangu mafua yalipoua sokwe wetu mwaka 2006. Tulikuwa tunawacheka wazungu jamani, kumbe na sisi zamu yetu inakuja.

Lililotushinda ni misiba. Kuzika haraka watu wachache halafu kila mtu kwake bila matanga, hilo hatukuliweza, tulijaribu mara mbili tatu tukashindwa, na hatutaki kukudanganya mgeni rasmi.

Chanjo ilipozinduliwa na Rais Samia Julai 28 mwaka 2021, maneno yakawa mengi tena, oh itakufanya hivi, oh itakufanya vile. Aliyetangulia kukunja mkono hapa kijijini ni mkunga wetu mkongwe, yule yule anayekupa mizizi ukiumwa tumbo, akasema sindano na mzizi mbona havijawahi kugombana. Kina mama wengi walimfuata yeye, sio tangazo.

Mgeni rasmi, huku kwetu dawa zina historia. Watongwe wana mti wanauita mjonso, mchungu kweli, wa tumbo na homa. Mwaka 1987 huko Mahale watafiti walimuona sokwe jike mgonjwa, wanamwita Chausiku, anamenya tawi la mjonso, ganda anatupa, majani anaacha, anafyonza maji ya ndani tu, na kesho yake akawa na nguvu. Mzee wa Kitongwe aliyekuwa na mtafiti ndio alimwambia huu kwetu ni dawa. Na babu yake mzee huyo, Babu Kalunde, zamani kijiji kilipovamiwa na kuhara damu alimuona nungunungu mdogo anayeumwa vilevile akichimba mzizi wa mulengelele anakula anapona. Watu walimkatalia, mpaka alipokunywa yeye kwanza mbele yao, ndipo wagonjwa wakakubali na wengi wakapona. Tunapenda hadithi hii kwa sababu ya hapo pa kunywa kwanza, wauza dawa wa siku hizi wangeanza na wao kungekuwa na vurugu chache.

Haya, maombi, maana risala bila maombi mtasema tumesahau ukurasa. Miti mingine iko ndani ya hifadhi, na hifadhi hatuipingi inatulindia hayohayo, ila tunaomba wazee waruhusiwe kuingia na askari mara moja moja wachukue mbegu tuoteshe kwenye bustani yetu hapa nyuma ya shule. Pia tunaomba wataalamu wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili waje wapime, kipi kinafaa, kipi ni sumu, kiasi gani kwa mtoto, sisi hapo tunakisia na kukisia kunaua. Na nesi wetu aruhusiwe kukaa na kikundi hata mara moja kwa mwezi, kwenye ratiba yake rasmi, sio mpaka aibe muda wake wa kupumzika kama sasa.

Na tunaomba kinasa sauti na madaftari. Nimesema tulikuwa na wazee wawili. Yule wa nyungu, aliyenuniwa, tulimzika mwaka jana kwa uzee tu, na mambo yake mengi hatukuyaandika kwa sababu kila siku tulisema kesho. Mwenzake yuko pale chini ya mwembe, mwenye kofia nyeupe. Mgeni rasmi ukishakula, tunakuomba ukakae naye hata robo saa kabla boti haijaondoka.

Naomba kuwasilisha.