Kaka, picha za mama unazipata kila siku, zako ziko wapi?

Kaka shkamoo. Ningekupigia lakini simu zetu unazijua, unaanza na "mama anaendeleaje" unamaliza na "nitumie picha yake" alafu unaingia kazini. Naandika wazi kwa sababu hauko peke yako, nyumba ngapi hapa Tanga zina mgonjwa ndani na watoto wake wako Muscat, Dubai, London, wote wanadai picha tu.

Yaani picha zinatoka huku kuja huko. Mama anakunywa uji, mama kakaa barazani, mama ananyoosha mkono wake ule. Za kwenu hakuna, labda lile ua la Jumaa Karim ambalo nalikuta kila grupu. Toka apate kiharusi kumbukumbu zinakuja na kuondoka, na wajukuu anamuulizia yule mkubwa tu, hao wadogo sura hazijui, atawauliziaje?

Na usiniambie unaweka stetasi. Stetasi saa 24 imeshafutika, mama hana simu, na mi bando likikata ndo basi. Vidiokoli nayo sauti inakatika, sikio lake zito, alafu mnampigia kelele "mama unanikumbuka, mimi nani?", jamani msimpe mtihani, taja jina lako yaishe. Picha anaitazama kwa muda wake, akitaka kuirudia anairudia.

Sasa fungua albamu ya pamoja Google Photos tuingie sote, wifi pia na mdogo wetu wa London. Ukitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ukituma hivihivi picha inabanwa, kwenye simu utaiona safi ila kwenye tivi haitoki safi hivyo. Mi nazipakua naweka kwenye flashi nachomeka kwenye tivi ya chumbani kwake, zinapita moja moja. Zile fremu za kidijitali zinazopokea picha zenyewe kwa waifai nzuri sana, huko Ulaya wanawawekea wazee kwenye nyumba za kulelea, ila sisi waifai hatuna na umeme wetu unaujua mwenyewe.

Usinitumie mmejipanga mbele ya gari. Tuma watoto wanakula, jiko la wifi, mlango wa nyumba yenu. Mkienda Salalah, huko kusini mwa Oman, kipindi cha kharifu, ule msimu wa manyunyu, tuma ule ukungu, na minazi, na wale wauza ndizi na madafu barabarani, mama anadhani Uarabuni kote ni mchanga, atabisha mpaka jioni. Na zile za zamani ulizoondoka nazo, ile ya studio yeye na marehemu baba, zipige kwa simu hapo dirishani bila taa ya kamera uzitume, maana watu wa ujana wake anawataja mmoja mmoja bila kusita wakati mimi ninayemwogesha kuna siku ananiita shangazi.

Ila zake ninazokutumia zibaki kwako. Juzi kuna mtu kamrusha grupu la ukoo, tumuombee sijui nini, kichwa wazi na mpira wa mkojo unaonekana. Mama huyu ambaye hata msoma mita hamfungulii mlango bila mtandio! Dua inapokelewa bila picha.

Wifi aanze na zile za Idi, watoto na kanzu zao, kila picha na jina chini, mama anataka kujua huyo kitinda mimba wenu kafanana na nani.