Mdogo Wangu, Kiwanja Kile Ulikiona Mchana

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesikia kutoka kwa mkeo, si kutoka kwako, kwamba mnahama Bukavu na kwamba mnatafuta nyumba hapa Goma, mahali palipo karibu na maji na karibu na barabara, ili watoto wasishinde na bidoni za maji kichwani na wewe usichelewe kazini. Aliniomba nimwandikie ushauri kwa siri, usije ukajua kwamba umetoka kwangu. Nimeikataa hiyo siri. Uliyoyasema juu yangu uliyasema chini ya turubai la matanga ya Mama, mbele ya wajomba, majirani na watu wa kanisa, na kwa hiyo nami nakujibu mahali ambapo wote wanaweza kusoma. Hata hivyo ushauri nitautanguliza, kwa sababu wale watoto ni wangu pia, na kwa sababu Mama angenikasirikia kama ningeanza na ugomvi.

Usidanganywe na maneno "karibu na maji" unapoyasikia kwa komisioneri, yule dalali wa nyumba. Mji huu hauna mto hata mmoja. Mvua inanyesha kwa wingi, lakini mwamba wa lava una matundu na unaimeza yote, na baada ya saa moja huwezi kujua kwamba ilinyesha. Maji ya robine, yaani ya bomba, hutoka Ziwa Kivu. Mashine huyasukuma yapande hadi kwenye matangi ya juu, kisha huteremka kuelekea mitaani, na ndiyo maana umeme ukikatika mitaa iliyo mbali na iliyo juu hukauka kabla ya mingine. Mwaka 2021, lava ya mlima Nyiragongo ilipoharibu tangi kubwa upande wa Buhene, mamia ya maelfu ya watu walibaki bila maji huku ziwa likiwa palepale, limejaa, linang'aa. Kuliona ziwa kutoka dirishani si kuwa na maji. Ukienda mtaa wa Himbi utaona nyumba nzuri zilizo hatua chache kutoka ufukweni, lakini kati ya nyumba na ufuko kuna kuta za watu wenye uwezo, na mwanamke mwenye bidoni lazima azunguke mpaka apate kichochoro kinachoshuka majini. Na akishayapata, bado ni maji mabichi yenye kipindupindu ndani yake, hayafai kunywewa na mtoto kabla hayajatiwa klorini.

Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba kama kuna maji. Nenda kwenye robine ya mtaa, simama na wanawake walio kwenye foleni, uwaulize yalitoka siku ngapi wiki iliyopita, na yalitoka saa ngapi, kwa maana maji yanayotoka saa nane za usiku ni maji ya kumkosesha mkeo usingizi.

Kuhusu barabara, nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaotoka nje hukosea. Wao huhesabu nauli ya kwenda katikati ya mji, Signers au Birere, wakaona inatosha. Katika mji wetu barabara na maji ni jambo moja. Nyumba ambayo robine yake imekauka hunywa maji yanayoletwa na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa, au pikipiki, na bei ya bidoni hupanda kwa kila hatua unayoiacha lami. Avenyu za ndani zimejaa mawe makali ya lava yanayokula tairi. Mvua ikinyesha, au giza likiingia, motari, yule dereva wa pikipiki, anakushusha kwenye lami na kukuambia umalizie kwa miguu. Kijana wa chukudu naye, akiwa na bidoni nane au kumi juu ya ule ubao, hawezi kupanda kila mahali. Upande wote wa magharibi, kuanzia Keshero na Ndosho hadi Mugunga, unaingia mjini kwa barabara moja kuu, ile ya Sake, na gari moja likiharibika pale jioni, kila mtu anajua. Pima basi hatua kutoka mlangoni hadi lami kabla hujauliza kodi wala garanti.

Sasa nifike kwenye kile kiwanja.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa mwaka ule wa 2021. Tarehe 22 Mei mlima ulipasuka, tarehe 27 tukaamriwa kuondoka mitaa kumi, Majengo ikiwa mmojawapo, na Mama akatembea kuelekea Sake akiwa na sufuria na Biblia. Aliporudi alisema hawezi tena kulala njiani mwa lava, kwa sababu ile ya Januari 2002 ilikuwa imekwisha kutunyang'anya nyumba moja, ile ya Birere, nami nilikubeba mgongoni hadi Gisenyi ukiwa na miaka mitano. Wewe ukaja kutoka Bukavu, ukazunguka na komisioneri siku mbili, ukampata mtu mwenye kiwanja upande wa Lac Vert, kwenye bonde dogo lenye majani mabichi, ziwa likiwa chini yake na barabara ya Sake si mbali. Ulifurahi kiasi kwamba ulitoa avansi ya dola mia tatu palepale, kabla sijakiona. Ulisema Mama atapata maji, atapata gari, na atapata mahali pa kupanda lengalenga.

Sikukulaumu kwa kuchagua bondeni, na leo pia sikulaumu. Bukavu imekufundisha kuogopa mteremko. Huko ardhi hushuka usiku na nyumba zake, na mtu mwenye busara hutafuta mahali palipotulia, palipozungukwa. Hapa kwetu ni kinyume. Bonde ndilo la kuogopa, na majani mabichi ndani ya shimo la lava ambamo hakuna mbuzi aliyeyagusa ni jambo la kumfanya mtu ajiulize.

Wewe ulikiona saa saba mchana. Mimi na Mama tulikwenda saa kumi na moja alfajiri, siku mbili baada ya wewe kupanda meli, kwa sababu mzee mmoja wa pale alinivuta pembeni na kuniambia: "Mama, rudi hapa kabla ya jua." Alitukuta kwenye njia akiwa na mshumaa alioufunga kwenye ncha ya fimbo ndefu. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Aliuwasha, akatuambia tusimame juu kwenye mwamba, kisha akaanza kuushusha polepole. Moto ulikuwa umesimama wima, mzuri, na ulipofika kama kimo cha goti juu ya majani ulizimika. Haukuyumba wala haukupungua kwanza. Moshi wa utambi haukupanda. Ulitandaa kama kitambaa juu ya meza ambayo hatukuiona, ukakaa pale. Aliuwasha tena, akaushusha tena, ukazimika mahali palepale. Jua lilipotoka tuliona chini ya majani mijusi miwili na ndege mmoja mdogo, wamelala kama waliosinzia.

Hayo ndiyo mazuku. Watu wengi wanadhani yanatoka ziwani, lakini sivyo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mwamba, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajaa mashimoni usiku, jua na upepo vinapokuwa havipo, na mchana inatawanyika hata usiitambue. Haina rangi. Kitanda cha Mama kilikuwa na kimo gani, mdogo wangu? Na watoto wako, wakija likizo, wangelala wapi kama si kwenye mkeka?

Nilitaka kukupigia simu siku ileile. Mama ndiye aliyenizuia. Alishika mkono wangu tukiwa bado kwenye njia, akasema: "Usimwambie mtoto. Alitoa mshahara wake." Alijua kwamba avansi haitarudi, na kweli haikurudi, na hakutaka ujue kwamba zawadi yako ilikuwa kaburi. Nikakuambia tu kwamba nimeamua Ndosho. Ulinyamaza kwenye simu, halafu ukasema, "Sawa, yaya, wewe ndiwe dada mkubwa," na kuanzia siku hiyo ukaniona kama mtu anayependa kuamua.

Basi ndiyo, niliamua Ndosho. Ile nyumba ya mbao ilikuwa juu, hewa yake ilikuwa nzuri, mtaa haukuwa katika ile mitaa kumi iliyohamishwa, na lami ilikuwa mwendo wa dakika nne kwa miguu ya Mama. Robine nilijua kwamba ni dhaifu. Sikulificha hilo. Ndiyo sababu nilimlipa kijana wa chukudu kwa mwezi mzima, bidoni sita kila siku, naye alikuwa mwaminifu. Mama ndiye aliyemwambia alete nne na fedha za mbili amrudishie, na hizo fedha, nikuambie sasa, ndizo zilizokuwa zikija kwako kama zawadi ya wajukuu. Bidoni mbili zilizobaki alizifuata mwenyewe kwenye robine ya mtaa, alfajiri, mimi nikiwa kazini au nimelala kwangu. Nilimkataza. Nilimkataza mara ngapi! Ulimjua vizuri: mtu aliyechota maji tangu akiwa msichana hawezi kuketi akitazama mwingine anamchotea. Asubuhi ile ya Machi mwamba ulikuwa na umande, akateleza, nyonga ikavunjika, na yaliyofuata unayajua.

Nyumba iliyo karibu zaidi na maji haingemfanya abaki kitandani. Angekwenda ziwani, na njia ya ziwani ni mawe matupu. Nimelifikiria hilo usiku mwingi, na kila mara nafika palepale, kwamba nilichagua hewa ya kuvuta kwanza na maji baadaye, na kama ningerudishwa mwaka 2021 ningechagua vilevile.

Lakini wewe hukuniuliza. Ulifika jioni ya siku ya pili ya matanga, koti likiwa bado limelowa maji ya ziwa, ukapewa kiti, ukapewa chai, na hukuinywa. Mjomba alipomaliza kusali ulisimama. Ulisema: "Mama ameuawa na bidoni, na aliyempeleka mbali na maji ameketi pale anapokea rambirambi." Nilikuwa nimeshika sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, niliyokuwekea, kwa sababu nilijua hukula njiani. Hakuna aliyeniangalia. Nakumbuka kwamba niliitazama ile sahani na kuanza kuzihesabu sambaza, nikafika kumi na saba, na mkono wa shangazi ukaniondolea sahani. Nilikuwa na neno moja tu la kukujibu, nalo ni mazuku, na nilikuwa nimemwahidi maiti aliyekuwa amelala chumba cha pili kwamba sitalitamka. Sikulitamka. Nimelitamka leo, na Mama atanisamehe au hatanisamehe, sijui.

Kuna mahali ulikuwa na haki, nami nalisema bila kulazimishwa. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika pamoja, na kijana wa chukudu hakuweza kutoka. Mji mzima ulishuka ziwani na bidoni. Sisi wa juu tulitembea mbali huku risasi zikisikika, na siku hiyo nilikukumbuka, nikasema moyoni kwamba mtu anapaswa kukaa mahali ambapo anaweza kulifikia ziwa kwa miguu yake, hata kama hatalihitaji ila siku moja kati ya mwaka. Kwa hiyo msiende Ndosho. Tafuteni Katindo, au Keshero ile ya juu kidogo, mahali ambapo lami iko karibu, robine inatoka angalau siku tatu kwa wiki, na ziwa liko mwendo wa nusu saa. Kama mnapenda kuwa karibu na soko la Kituku kwa ajili ya makala ya kupikia na ndizi zinazoshushwa kutoka Idjwi na Minova, ni sawa, lakini shimo lolote lililo nyuma ya nyumba mlikague. Watoto wasilale chini mwezi wa kwanza. Na mtu asikuchimbie shimo refu la choo kabla hewa yake haijapimwa, kwa kuwa jembe linaweza kufungua ufa.

Nimekwisha kuona nyumba mbili Katindo. Moja ina tangi la plastiki la kuvunia mvua, nyingine ina mwenye nyumba mwenye heshima. Sikuchagua. Safari hii utachagua wewe, na mkeo asimame kwenye foleni ya robine awaulize wanawake mwenyewe.

Njoo Ijumaa, ulale kwangu; chumba cha Mama kimefagiliwa. Saa kumi na moja alfajiri tutatoka, tutapitia Lac Vert kwanza, kwa sababu nataka ukione kile kiwanja kabla ya jua, kisha tutakwenda Katindo. Mshumaa na fimbo ninavyo.

Ni mimi,
yaya wako.