Mfumo wa kompyuta hauna macho

Mhariri,

Mimi ni mtunza ghala. Naomba nafasi niwajibu wanaosema mfumo wa kompyuta unaounganisha mauzo, ghala na uhasibu ni dawa ya kila biashara inayoyumba.

Faida yake siikatai. Tangu msimbopau, ile mistari myeusi kwenye bidhaa inayosomwa na mashine, uliposomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya malipo, Juni 1974 huko Ohio, Marekani (ilikuwa pakiti ya chingamu, eti), kazi yetu imebadilika. Bidhaa ikiuzwa, salio la ghala linapungua papo hapo, mhasibu anaona mapato, na ofisa ununuzi anajua lini aagize. Zamani taarifa hizo zilikaa katika madaftari matatu, kila moja na ukweli wake.

Lakini mfumo hauna macho. Mzigo ukishushwa jioni na kuingizwa kesho yake mchana, muuzaji atamwambia mteja hakuna, ilhali katoni zimefika darini. Bidhaa moja ikisajiliwa mara mbili, kwa jina la "betri ndogo" na la "betri AA", huku itaonyesha ziada na kule upungufu, na wa kwanza kushukiwa wizi ni mimi! Nywila moja ikitumiwa na watu watano ndiyo balaa kabisa. Kosa likitokea halina mwenyewe.

Wakurugenzi hutenga fedha nyingi za programu na vifaa, mafunzo wakayapa asubuhi moja. Sisi tunaopokea mzigo na kuuhesabu hatuulizwi lolote hadi mkataba umeshasainiwa. Tuiteni kabla, tuwaonyeshe mzigo unavyopita hasa.

Mtunza ghala